King'ora hakina breki

Simu ikipigwa 114 kwamba nyumba inaungua Majengo, Dodoma, gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoka likilia king'ora. Hapo hakuna mjadala. Lakini linaporudi kituoni, moto umeshazimwa, king'ora cha nini?

Hata linapokwenda kwenye moto, lita 5,000 za maji ni tani 5 mgongoni. Gari la namna hiyo halisimami ghafla hata dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote. Na dereva wa daladala aliyefungulia muziki, au bodaboda aliyevaa kofia ngumu, huweza kukisikia king'ora kikiwa kimeshamfikia. Kwa hiyo penye taa nyekundu dereva makini wa zimamoto hupunguza mwendo, king'ora kikiendelea kulia, akahakikisha kila upande umesimama ndipo apite.

Anayekisikia naye asogee kushoto, asimame. Kulifuata gari la zimamoto nyuma ili kukwepa foleni, mchezo wanaoupenda baadhi ya madereva, ni kujitafutia ajali.