Mashine ya Kuchapa Inapogoma: Kutafuta Hitilafu kwa Hatua

Tuchukue mfano wa shule iliyo mbali na mji, tuseme Chumbi wilayani Rufiji. Kompyuta yake huendeshwa kwa Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Mashine yake kuukuu ya kuchapa huunganishwa kwa njia ya mfuatano. Mitihani ni kesho, na mashine imegoma. Je, fundi aitwe kutoka Dar es Salaam? Huenda pasiwe na haja, kwani mara nyingi hitilafu yenyewe huonyesha mahali ilipo.

Katika njia ya mfuatano, biti hupita moja baada ya nyingine, kama magari yalivyopanga foleni kuingia pantoni ya Mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Kwa kawaida kila herufi huhitaji biti 10: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe, na moja ya kumalizia. Hivyo, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi 960 hupita kila sekunde.

Kwanza, mashine ikiwa kimya kabisa, chunguza nyaya. Katika plagi ya pini 25 ya kompyuta, pini ya 2 hutuma na ya 3 hupokea. Ikiwa mashine nayo hutuma kwa pini ya 2, kila upande unasema na hakuna anayesikiliza. Zima umeme, kisha pishanisha nyaya za pini hizo mbili.

Pili, zikitoka alama zisizosomeka, herufi zinafika. Linganisha mipango ya kasi ya pande zote mbili.

Tatu, mwanzo ukitoka vizuri kisha maneno yakaruka, kumbukumbu ya mashine imejaa. Mashine nyingi hutuma alama namba 19 kuisimamisha kompyuta, na namba 17 kuiruhusu iendelee. Iagize kompyuta izitii, kwa neno ixon katika amri ya stty. Hakikisha pia kuwa waya wa kurudi ni mzima, maana ombi hupita humo.

Nne, mistari ikiteremka kama ngazi, kumbuka kwamba Unix humaliza mstari kwa alama namba 10 pekee, yaani "shuka". Mashine hungoja pia namba 13, yaani "rudi ukingoni". Neno onlcr huiongeza.

Katika yote haya, badilisha jambo moja tu kwa wakati, ujaribu, na uandike matokeo. Abadilishaye mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya.

Zoezi: mashine huchapa herufi 200 kwa sekunde, hupokea 960, na kumbukumbu yake hubeba 7,600. Itajaa baada ya sekunde ngapi?