Kimbiji: Hasara ya upepo isiyoandikwa haihesabiwi

MNAZI ukiangushwa na upepo shambani Kimbiji, hauchukui muda kugeuka kuni. Makuti huezekea banda, shina hukatwa vipande, na baada ya wiki mbili hakuna dalili kwamba palikuwa na mti. Mwenye shamba amepoteza kipato cha miaka, lakini katika ofisi ya mtaa hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa.

Onyo la mapema lipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza mapema ujio wa Kimbunga Jobo, Aprili 2021, ambacho kilidhoofika kabla ya kutua, na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 4, 2024. Mvua za Hidaya zilikata barabara ya Kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Hata hivyo, onyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, yaani kueleza kilichotokea, ni ya mkazi. Kipimo kilichopo uwanja wa ndege hakiwezi kuona paa lililong'olewa Kimbiji.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi taifa. Hivyo taarifa huanzia kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha hupanda kata na Manispaa ya Kigamboni. Mazao yakiharibika, ofisa ugani ahusishwe. Mtumbwi ukivunjika, uongozi wa wavuvi katika diko uarifiwe.

Penye hatari kwa maisha, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114. Waya wa umeme ulioanguka usisogelewe na mtu; TANESCO wapewe taarifa.

Taarifa nzuri ina mambo matano: siku na saa, mahali, upepo ulitoka upande gani, kilichoharibika, na idadi yake. Picha zipigwe kabla ya kusafisha, na jirani awe shahidi.

Idadi ndiyo yenye uzito. "Minazi mingi imeanguka" haimsaidii mtu kukokotoa hasara. "Minazi 10 inayozaa" inamsaidia. Kwa mfano, kama kila mmoja ulikuwa ukitoa nazi 40 kwa mwaka, mkulima amepoteza nazi 400 kila mwaka. Mche wa mnazi mrefu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, hivyo hasara ni nazi 2,400, wala si mavuno ya msimu mmoja.

Mvua nayo hupimika. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa mahali pa wazi, kina cha maji husomwa kwa rula. Kila milimita moja ni lita moja katika mita moja ya mraba. Milimita 50 ni zaidi ya lita 200,000 katika ekari moja.

Kuandikisha hasara si ahadi ya fidia. Lakini msaada wa chakula, mbegu au ukarabati wa barabara hupangwa kwa takwimu zilizopo mezani. Mtaa usiopeleka takwimu huonekana haukupata madhara.

Daftari la shilingi mia chache, likianza kuandikwa kabla ya masika, ni pembejeo kama ilivyo mbegu.