Mgonjwa wako akilazwa ICU, nani ataamua?

Ilikuwa yapata saa tano usiku simu yangu ilipolia. Kijana mmoja wa hapa Kipkelion, ambaye babake nimemtibu presha kwa miaka mingi, alikuwa amesimama nje ya wadi ya wagonjwa mahututi katika hospitali moja kubwa mbali na nyumbani. "Daktari," akaniambia, "wametuita wakasema tuamue. Tuamue nini?"

Mzee alipatwa na kiharusi akikamua ng'ombe. Mshipa ulipasuka ndani ya ubongo. Kwa siku tisa mashine ilikuwa ikimpumulia, na familia ilikuwa imekwisha kuuza ng'ombe watatu na kufanya harambee. Mwana wa kwanza alitaka mashine iendelee hata mwaka mzima. Binti aliyemtunza mzee nyumbani alisema babake amechoka. Mama, mke wa mgonjwa, alikuwa ameketi kwenye benchi na hakuna aliyemuuliza neno.

Huenda wewe msomaji unaona jambo hili liko mbali nawe. Sisi tunaoishi kando ya barabara hizi tunajua kwamba halibishi hodi. Jioni ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia hapo Londiani Junction likaua watu zaidi ya 50, wengine wakiwa sokoni, wengine wakingoja matatu. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wazima kama wewe.

Kazi ya mashine

Kwanza tuelewane: mashine ya kupumulia haiponyi ugonjwa. Inaushikilia mwili huku dawa na mwili wenyewe vikitafuta nafuu. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipovamia mji wa Copenhagen, Denmark, Dkt Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo, na wanafunzi wa udaktari wakawapumulia kwa kukamua mifuko ya hewa kwa mikono, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Wengi walipona kwa sababu misuli yao ilipewa muda. Ndivyo ICU ilivyozaliwa.

Ndiyo maana mtu mwenye nimonia kali, aliyekunywa dawa ya kupulizia nyanya, au mama aliyevuja damu akijifungua, anaweza kuingia humo akiwa mahututi na kutoka akitembea. Usiyasikilize maneno ya sokoni kwamba ICU ni mlango wa kaburi.

Lakini kuna wakati ubongo umeharibika kiasi kwamba hakuna muda utakaoutengeneza. Hapo mashine hairefushi maisha ya mgonjwa. Inarefusha kufa kwake.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Afya ya 2017 inasema matibabu hutolewa kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe. Akiwa hajiwezi, anayeidhinisha ni mtu aliyemteua kwa maandishi, au aliyepewa uwezo huo na sheria au mahakama. Asipokuwapo, ndipo jamaa wa karibu huulizwa. Katika dharura daktari hangoji, kwani Kifungu 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Angalia vizuri: sheria haikusema aamue mwenye pesa, wala mwenye sauti kubwa.

Wengi huniuliza, "Tukikubali mashine iondolewe, si tumemuua?" Kumdunga mgonjwa dawa ili afe ni kosa la jinai nchini. Kuacha tiba isiyomsaidia tena ni jambo tofauti, maana ugonjwa ndio unaofuata njia yake. Mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilimkubalia baba wa Karen Ann Quinlan kuomba mashine iondolewe, mradi madaktari na kamati ya maadili ya hospitali wakubaliane naye. Ilipoondolewa, binti huyo alipumua mwenyewe akaishi hadi 1985, ingawa hakuamka.

Kesi hiyo ilizipa nguvu kamati za aina hiyo huko kwao. Kwetu, kamati za maadili zinazojulikana zaidi ni zile zinazokagua utafiti. Lakini unaweza kuomba kikao cha familia pamoja na daktari mkuu wa wadi, muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii na, mkipenda, kasisi wenu. Ulizeni haya:

1. Tangu alazwe, anapata nafuu au anazidiwa?
2. Akitoka, mnatarajia awe katika hali gani? Atatutambua? Atakula mwenyewe?
3. Tujaribu siku ngapi kabla ya kuketi tena?
4. Tukiacha mashine, mtafanya nini asiumie wala asihangaike kupumua?
5. Gharama kwa siku ni ngapi, na SHA italipa nini?

Msione haya kuuliza swali la tano. Pia mna haki ya kuomba daktari mwingine atoe maoni yake.

Vitanda vyenyewe ni haba. Korona ilipoingia mwaka 2020, watafiti walihesabu nchini vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia. Mwaka 2015 majeruhi mmoja alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda, kisha akafariki. Hiyo si sababu ya kumwondoa mgonjwa mwenye tumaini. Ni sababu ya kutomweka mtu kwenye mashine kwa hofu ya lawama za ukoo tu.

Mama alipoulizwa

Nilimwambia yule kijana waombe kikao, na mama awe wa kwanza kusema. Akasema: mzee alipomzika nduguye, aliyekaa miezi kwenye mashine, alimwambia, "Mimi msinifanyie hivyo." Walikubaliana na madaktari wajaribu siku tatu zaidi. Hakukuwa na badiliko. Mashine ikaondolewa, akapewa dawa ya kumtuliza, binti akamshika mkono. Alifariki kabla ya mapambazuko.

Mwana wa kwanza alikuja kliniki yangu baada ya mazishi. Hakulalamikia mashine. Alisema, "Laiti tungemuuliza mama siku ya kwanza."

Basi msomaji, usingoje benchi la hospitali. Mkikutana nyumbani Jumapili, sema wazi ungetaka nini na nani akusemee. Andika kwenye karatasi, tia sahihi mbele ya mashahidi, na nakala umpe huyo uliyemchagua. Kisha waulize wazazi wako wao wangetaka nini.