Je, Wajua? Timba Ina Mambo Yake, Salsa Ina Yake

Kwetu Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, harusi zikianza kufuatana baada ya mavuno ya alizeti, wimbo wowote wenye tarumbeta na maneno ya Kihispania ukitoka kwenye spika huitwa salsa. Kwa mchezaji jina hilo linatosha. Kwa msikilizaji linafunika muziki mwingine mzima uitwao timba, uliozaliwa Havana, na ambao Mtanzania aliyelelewa na muziki wa dansi ana kila sababu ya kuuelewa upesi.

Je, wajua kwamba salsa ilikulia ugenini? Mzizi wake ni mtindo wa son wa Kuba, lakini jina na soko iliyapata New York, kwenye mitaa ya wahamiaji kutoka Puerto Rico na Kuba. Mwaka 1964 Johnny Pacheco, mwanamuziki mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, na mwanasheria Jerry Masucci walianzisha kampuni ya Fania, nayo ikaitangaza salsa duniani. Septemba 1974 nyota wa Fania walitua Kinshasa, Celia Cruz akiwa miongoni mwao, kutumbuiza kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wakongo walicheza kama watu waliotembelewa na ndugu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa: kati ya Waafrika waliopelekwa utumwani Kuba walikuwemo wengi wa kutoka Kongo, na ngoma zao ndizo asili ya hizi tumba tunazoziona kwenye bendi zetu.

Je, wajua kwamba Morogoro ilikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba? Mwanzilishi wake, Salum Abdallah, alianza mwaka 1948 na bendi aliyoipa jina la wimbo alioupenda, La Paloma. Wakati huo sahani za santuri za HMV zenye herufi GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933 na kujaa nyimbo za Kuba, zilikuwa zimeshasambaa Afrika. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, lakini cha-cha-cha na rumba za Kiswahili alizoziacha bado zinapigwa redioni. Kwa hiyo son ya Kuba ina watoto kadhaa: salsa ya New York, rumba ya Kongo, dansi la Tanzania. Timba ndiye kitinda mimba.

Je, wajua kwamba timba ina mwaka unaoweza kutajwa? Mwaka 1988 mpiga filimbi José Luis Cortés, maarufu kwa jina la El Tosco, aliunda bendi ya NG La Banda. Alikuwa amepitia shule mbili kubwa. Ya kwanza ni Los Van Van, bendi aliyoianzisha Juan Formell mwaka 1969, ambamo mpiga ngoma Changuito alizipa drams kamili nafasi kwenye muziki wa dansi wa Kuba. Ya pili ni Irakere ya Chucho Valdés, iliyochanganya jazi na ngoma za ibada za asili ya Kiafrika. Cortés alichukua mitaa ya Havana, akaiunganisha na elimu ya chuo cha muziki. Tarumbeta na saksafoni zake zilipiga vifungu vya kasi na vigumu kiasi cha kuitwa shaba za kutisha.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Chukua vijiti viwili, au tumia viganja. Hesabu taratibu kutoka 1 hadi 16, ukigonga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13, kisha rudia bila kusimama. Hiyo ni clave ya son, uti wa mgongo wa salsa. Rudia tena, lakini lile pigo la tatu usilipige kwenye 7. Lisubirishe hadi 8. Umeingia kwenye clave ya rumba ya mitaani Kuba, ambayo timba huipenda zaidi. Ni hatua moja tu ya kuchelewa, lakini mwili wote unausikia mvuto wake. Jaribu mara kadhaa kabla ya kuendelea kusoma, maana maelezo bila mkono hayafiki mbali.

Je, wajua kwamba besi ya salsa mara nyingi huruka pigo la kwanza? Inagonga kabla ya kufika pale, halafu inaacha nafasi ambayo mguu wa mchezaji unaijaza. Mwenendo huo ukishaanza hauvunjwi hovyo. Tumba, bongo, timbales na kengele hushikana, wimbo ukipanda kengele huongezwa, kiitikio kikashindana na mwimbaji hadi mwisho. Uthabiti huo ndio utamu wa salsa, na ndio unaomwezesha mchezaji wa Dar es Salaam na wa Bogotá kushikana mikono bila kufahamiana.

Timba hubadili gia. Wimbo umekolea, watu wamejaa uwanjani, ghafla besi inanyamaza na tumba zinaacha mwenendo wake. Kinachobaki ni kinanda, kinazungusha kifungu kilekile, na sauti za kiitikio zikikatizana nacho. Mchezaji anahisi ardhi imeondolewa, lakini kinanda kinamshikilia. Kisha besi inarudi kwa uzito, ikiteleza kwenye nyuzi na kunguruma, huku drams zikipigwa kwa kishindo. Wenyewe huita hali ya kwanza presión na ya pili bomba. Hapo wachezaji wengi huachiana mikono, kila mtu akatikisa mabega na kiuno peke yake. Kiongozi wa bendi huweza kuamuru zamu hizo kwa ishara ya mkono, hivyo wimbo ule ule ukipigwa usiku mwingine hupita njia nyingine.

Mpenzi wa Mlimani Park, au Sikinde, bendi ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1978, hahitaji kuelezwa sana hapa. Anajua jinsi wimbo wa Sikinde unavyoanza kwa utulivu, mwimbaji akisimulia kisa chake, halafu magitaa yakashika usukani na tarumbeta zikajibu: chemko limefika, waliokaa wanainuka. Tofauti ni kwamba dansi kwa kawaida huvuka mto huo mara moja na kubaki ng'ambo, ilhali timba huvuka na kurudi mara nyingi. Ndiyo maana naamini msikilizaji wa Singida aliyezoea chemko ataipata timba kabla ya mwanafunzi wa darasa la salsa aliyefundishwa kuhesabu hatua nane nane.

Kinanda nacho kina habari yake. Kwenye salsa vifungu vya kinanda hufanana kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Kwenye timba mpigaji huutungia kila wimbo kifungu chake, na mashabiki Havana huutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Je, wajua kwamba timba ni muziki wa miaka ya njaa? Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na Kuba ikakosa mafuta na chakula. Mwaka 1993 serikali iliruhusu wananchi kumiliki dola, watalii wakaongezeka. Wakati salsa ya redioni ikibembeleza wapenzi, timba iliimba foleni, watalii, pesa na ujanja wa mjini kwa lugha ya kijiweni. Wakubwa hawakupendezwa kila mara: mwaka 1997 bendi ya Charanga Habanera ilifungiwa miezi 6 baada ya onyesho lililochukuliwa kuwa limevuka mipaka.

Na je, wajua kwamba mwaka 2000 Los Van Van walishinda tuzo ya Grammy ya Marekani, na kipengele walichopewa kiliitwa salsa? Formell alifariki mwaka 2014. Uongozi wa bendi ukashikwa na mwanawe Samuel, ambaye chombo chake ni drams.