Akina Mama Waliokomesha Mabango

Ndugu msomaji, huenda asubuhi hii, ukirudi sokoni na kikapu mkononi, umepita kando ya nguzo ya umeme iliyobandikwa makaratasi toka kiunoni hadi juu ya kichwa: mganga wa kila maradhi, chumba cha kupanga, mkopo wa haraka. Hukugeuka kuitazama, kwa sababu umezoea. Hata mimi nimezoea. Hebu basi tuangalie habari za watu waliokataa kuzoea.

Mwaka 1912, katika mji wa Honolulu, visiwani Hawaii, akina mama wachache waliunda chama walichokiita The Outdoor Circle, na mwenyekiti wao wa kwanza akawa Bibi Cherilla Lowrey. Walianza kwa kupanda miti ya kivuli. Lakini haikupita muda mrefu wakatambua kuwa ni kazi bure kupanda mti ambao utakua ukifichwa na bango la mbao lenye ukubwa wa nyumba. Wakati huo wanawake wa huko hawakuwa na haki ya kupiga kura. Waliipata mwaka 1920. Hawakuweza, kwa hiyo, kumtisha mheshimiwa ye yote kwa kura zao. Silaha waliyokuwa nayo ni kikapu kama hicho chako. Wakaafikiana kutonunua bidhaa za mfanyabiashara anayetangaza kwa mabango, na wenye maduka, walipoona wateja wanawapita, wakaanza kuyaacha mabango hayo. Mwishowe ikabakia kampuni moja tu ya mabango. Mwaka 1926 akina mama hao waliinunua, kisha wakaifunga! Mwaka uliofuata Baraza la Kutunga Sheria la visiwa hivyo likapiga marufuku mabango ya biashara kando ya barabara, na marufuku hiyo ipo hadi leo.

Ni kweli kwamba wengi wa akina mama hao walikuwa watu wenye nafasi, na kununua kampuni nzima si jambo la kila mtaa. Kwa sababu hiyo napenda zaidi habari za mitaa ya kawaida ya Marekani ya siku hizi, ambako adui ni kibango kidogo cha plastiki chenye miguu miwili ya waya. Huchomekwa majanini penye njia panda, mara nyingi Ijumaa jioni, wakati mabwana afya na wakaguzi wa mji wamekwisha kwenda nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Maneno yake ni machache: “Tunanunua nyumba, fedha taslimu”, na namba ya simu.

Msomaji atauliza, ubaya wake uko wapi? Uchafu wa macho ni sehemu ndogo tu. Fikiria mjane aliyeachiwa nyumba na mumewe, paa linavuja, kodi ya nyumba imelimbikizwa, naye hana mtu wa kumshauri. Kila akitoka nje anaona namba ile ile. Siku moja anaipiga. Mnunuzi huja na karatasi ya mkataba tayari, bei ikiwa chini sana ya thamani ya nyumba, na pengine hana hata nia ya kuinunua, bali ya kumwuzia mwingine mkataba ule kwa faida. Ndiyo maana vibango hivi huonekana kwa wingi katika mitaa ya wafanyakazi na ya wazee, si kwenye majumba ya kifahari.

Basi wakazi hutoka Jumamosi asubuhi, wamevaa fulana zinazong’aa ili madereva wawaone, wakang’oa. Vilivyopigiliwa juu nguzoni huvivuta kwa mti mrefu wenye kulabu, kwani misumari iliyosalia humwumiza fundi wa umeme anapopanda. Waya hazitupwi, zinafaa sana kuegemeza miche ya nyanya. Katika baadhi ya miji halmashauri huwafundisha wakazi kwanza na kuwapa idhini, maana kung’oa kibango kilicho ndani ya uwanja wa mtu ni kosa, hata kama kinakuudhi. Mji wa Hollywood, jimbo la Florida, ulibuni mbinu yake mwaka 2014: kompyuta ya halmashauri ilipiga simu mara kwa mara kwa namba zilizoandikwa kwenye vibango, mpaka mwenyewe akaja kulipa faini.

Nawe, ndugu, usichukue kisu ukaanza kukwangua nguzo leo hii. Umeme hauna mzaha, na bango jingine limelipiwa ushuru wake. Mwone kwanza mwenyekiti wa serikali yenu ya mtaa, mtembee pamoja mkiyaandika yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara na yasiyo na kibali. Kuta za nyumba zenu wenyewe hazihitaji idhini ya mtu. Ndoo ya maji na burashi ya kufulia zatosha, na watoto wakiwapo kazi haichukui asubuhi nzima.