Mpiga picha za harusi naye ana lumbesa yake

MKULIMA anayeuza lumbesa anajua anachopoteza. Anajaza viazi au vitunguu hadi gunia linaota kichwa, anashona kwa kamba, halafu analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huo, lakini umeendelea kwa miaka mingi kwa sababu muuzaji anaogopa mteja asije akaenda kwa jirani.

Biashara ya picha za harusi nayo ina lumbesa yake. Mpiga picha anakubaliana na kamati kazi ya siku moja. Kisha anaongezewa picha za sendofu, picha za familia nyumbani asubuhi, na albamu ya pili kwa ajili ya wakwe. Bei inabaki ile ile. Msimu ukiisha anashangaa kuona alikuwa kazini kila Jumamosi, lakini hana fedha ya kununua hata betri ya akiba.

Ni kazi inayovutia vijana mijini na hata katika miji midogo ya wilaya, kwa kuwa mtu anaweza kuanza na kamera ya mtumba na kompyuta ya kuazima. Hata hivyo, wapo wanaoiacha baada ya misimu miwili, si kwa kukosa wateja, bali kwa kukosa hesabu.

Uchumba ni shamba darasa

Harusi ya Kitanzania si shughuli moja. Kuna barua ya posa inayopelekwa na mshenga, kulipa mahari, kuvishwa pete ya uchumba, kicheni pati ya bibi harusi, sendofu kwa upande wa mke, ndoa yenyewe na tafrija ya usiku. Pwani na Zanzibar kuna usiku wa hina, singo na shughuli nyingine za wanawake peke yao.

Kwa mfanyabiashara wa picha, kila moja kati ya hizo ni kazi inayojitegemea. Ina mwanga wake, saa zake na mara nyingi mlipaji wake. Sendofu hubebwa na familia ya bibi harusi, wakati harusi hubebwa na kamati ya upande wa bwana harusi. Anayedhani amepata mteja mmoja, huenda amepata wateja wawili wenye mifuko tofauti.

Ndiyo maana shughuli ya kuvishana pete isidharauliwe. Wageni ni wachache, muda ni mfupi na bei ni ndogo, lakini ni sawa na shamba darasa. Familia zote mbili zipo pale. Mama mkubwa, shangazi na wajomba wanaona kama mpiga picha amefika kwa wakati, kama amevaa kwa heshima na kama picha zimetoka siku aliyoahidi. Kamati ya harusi ikikaa baadaye, jina lake linatajwa bila yeye kuwapo.

Fedha hufuata mavuno na mifungo

Msimu wa harusi una kalenda yake. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi shughuli hizo ndani ya Ramadhani. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kuna miaka mifungo hiyo miwili hukutana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa Machi 5. Mpiga picha ambaye hakuweka akiba kabla ya hapo alikaa wiki nyingi bila kazi kubwa.

Upande wa pili kuna miezi ya neema. Mfunguo Mosi ukiingia, ndoa za Waislamu hufuatana. Baada ya Pasaka makanisa hufunguka. Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaofanya kazi mijini hurudi nyumbani, na harusi huenda sambamba na Krismasi.

Juu ya hayo kuna mazao. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na shughuli hushika kasi magunia yakishauzwa. Mtwara na Lindi fedha huingia minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Mpiga picha wa wilayani anayejua lini ushirika unalipa wakulima, anajua pia lini atafute kazi na lini atengeneze vifaa.

Busara ni ile ile ya mkulima anayetenga mbegu kabla hajauza debe la kwanza. Fedha ya Desemba si yote ya kula Desemba. Sehemu yake ni ya kodi ya pango ya Machi.

Hesabu inayoumiza

Chukua mfano wa kazi iliyokubaliwa kwa shilingi 500,000. Msaidizi analipwa 60,000. Usafiri na chakula ni 40,000. Albamu na kusafisha picha ni 150,000. Umeme, bando na mawasiliano ni 20,000.

Kuna gharama moja ambayo wengi huisahau, nayo ni uchakavu wa vifaa. Kama kamera, lenzi, flashi na kompyuta viligharimu 4,500,000, na vinatarajiwa kufanya kazi 50 kwa mwaka kwa miaka mitatu, hizo ni kazi 150. Kila harusi basi inapaswa kurudisha 30,000. Kamera inazeeka kama jembe, hata kama haipigi kelele.

Jumla ya gharama ni 300,000, na kinachobaki ni 200,000. Sasa hesabu siku: moja ya kukutana na wahusika na kukagua ukumbi, moja ya harusi, na mbili za kuchagua na kurekebisha picha. Ni siku nne, yaani shilingi 50,000 kwa siku.

Mwenyekiti wa kamati akiomba punguzo hadi 400,000, bei imeshuka kwa asilimia 20 tu. Lakini gharama hazikushuka. Kinachobaki ni 100,000, na kipato cha siku kimekatika nusu. Kikiongezwa na albamu ya pili ya bure yenye gharama ya 80,000, mpiga picha anabaki na 20,000, yaani 5,000 kwa siku. Hapo ndipo lumbesa ilipo.

Dawa yake si ukali kwa wateja. Ni kuandika bei kwa vipande kabla ya mazungumzo: siku ya ndoa kiasi hiki, sendofu kiasi hiki, albamu ya ziada kiasi hiki, saa ya ziada baada ya saa 6 usiku kiasi hiki. Kamati ikikosa fedha, apunguze kazi badala ya kupunguza bei. Albamu iwe na kurasa chache, au atumwe mpiga picha mmoja badala ya wawili.

Simu haijaua soko

Zamani mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na picha 36. Mwenye mikanda mitano alikuwa na picha 180 kwa harusi nzima, na kila aliyebofya alijua amechoma fedha. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak. Kampuni hiyo iliyotajirika kwa filamu ilichelewa kuyafuata mabadiliko, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani nchini Marekani.

Leo kila mgeni ana kamera ndani ya simu. Wapo wanaouliza kwa nini walipe laki kadhaa wakati shemeji ana simu nzuri. Jibu ni kwamba shemeji atakuwa anacheza pete inapovishwa, au atakuwa amesimama nyuma ya nguzo. Kinachouzwa na mpiga picha ni uhakika kwamba mtu mmoja, mahali panapofaa, alikuwa akiangalia muda wote.

Uhakika huo una kazi nyuma yake. Picha 1,500 zikitazamwa kwa sekunde 10 kila moja ni zaidi ya saa nne za kuchagua tu, kabla ya kurekebisha hata moja. Mteja hazioni saa hizo, hivyo ni vizuri zitajwe wakati wa kupatana.

Arubuni kabla ya vunja kamati

Fedha za harusi nyingi hutoka kwenye michango. Kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, na tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008 mhazini hupokea michango hata kutoka mkoa wa mbali. Lakini ahadi si fedha. Ahadi zikipungua, kinacholipwa kwanza ni ukumbi, chakula na vinywaji, maana bila hivyo shughuli haipo. Mpiga picha huambiwa, "Kaka, wewe fanya, tutamalizana baada ya shughuli."

Baada ya shughuli kuna sherehe ya vunja kamati, na kamati ikishavunjwa mdai hana wa kumfuata. Maharusi wanasema fedha zilikuwa kwa mhazini, na mhazini anasema hesabu zilifungwa.

Utaratibu ulio salama ni arubuni ya nusu ili tarehe ishikwe, sehemu kubwa ya salio wiki moja kabla ya harusi, na kiasi kidogo siku ya kukabidhi albamu. Hayo yaandikwe kwenye karatasi moja yenye sahihi ya pande zote mbili, ikitaja tarehe, saa, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na nini kitafanyika harusi ikiahirishwa. Risiti itolewe kwa kila malipo. Karatasi hiyo inamlinda mteja pia, maana mpiga picha aliyechukua arubuni hawezi kukimbilia harusi nyingine iliyoongeza dau.

Siku isiyorudiwa

Mwokaji akiunguza keki anaweza kuoka nyingine. Picha ya baba akimkabidhi binti yake haipigwi tena. Na mara nyingi picha ya harusi ndiyo picha pekee nzuri ya bibi au babu, ile itakayotafutwa siku ya msiba. Kuipoteza ni deni lisilolipika kwa kurudisha fedha.

Kwa sababu hiyo vifaa vya akiba si anasa. Zinahitajika kamera mbili, hata kama ya pili ni ya kukodi, betri za kutosha, na memori kadi kadhaa. Picha moja kubwa isiyobanwa inaweza kufika megabaiti 25, hivyo picha 1,500 zinahitaji takriban gigabaiti 37. Ni afadhali zigawanywe kwenye kadi kadhaa kuliko kuwekwa zote kwenye kadi moja inayoweza kuharibika au kudondoka ukumbini.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi ya kuhifadhi: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa mpiga picha wa hapa, hiyo inaweza kuwa kompyuta, diski ya nje, na nakala kwa ndugu mtaa wa pili au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwizi akivunja studio, harusi za watu zinabaki. Kadi isifutwe kabla nakala hazijakaguliwa.

Heshima ni sehemu ya mtaji

Baadhi ya makanisa hayaruhusu flashi wakati wa ibada, wala mpiga picha kusogea altareni. Kuzungumza na padri au mchungaji siku moja kabla ni bora kuliko kukemewa mbele ya waumini. Kwenye shughuli za wanawake za pwani, ambako wanaume hawaingii, kuna soko zuri kwa wanawake wapiga picha, nao hulipwa kwa ajili ya siri kama wanavyolipwa kwa ajili ya picha. Picha ya mgeni aliyejifunua kichwa ikivuja, mlango huo umefungwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeongeza uzito wa jambo hilo. Anayetaka kutumia picha za maharusi kujitangaza apate ridhaa yao kwa maandishi. Anayetaka kurusha ndege ndogo isiyo na rubani juu ya msafara ahakikishe ana kibali, maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga husimamia matumizi ya vyombo hivyo.

Kwa anayeanza, hatua za mwanzo hazihitaji mtaji mkubwa. Afanye kazi kama msaidizi kwa msimu mmoja. Akodi lenzi kabla ya kununua, ajue ipi inamfaa kwenye kumbi zenye mwanga hafifu. Achukue namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kwani taasisi na hoteli hupenda kufanya kazi na mtu mwenye risiti. Kisha awe na daftari moja lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, na siku zilizotumika. Safu ya tatu ndiyo wengi hawanayo, na ndiyo itakayomwonyesha kama gunia analouza lina kichwa.