Tusome Kadi ya Mtoto

Wengi wetu tumesikia wazee wakisema, "Surua ni ya kila mtoto. Lazima aipitie." Zamani ilikuwa hivyo kweli, na watoto wengi tuliwazika. Siku hizi siyo lazima tena. Lakini surua haijaisha. Mwaka 2022 ilizuka Mpimbwe, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi. Watoto wenzao na wetu walikufa. Wengi walikuwa hawajachanjwa.

Surua inaeneaje?

Inaenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, vijidudu hubaki hewani hata kwa muda wa saa mbili. Watoto 10 wasio na kinga wakikaa naye, 9 wanaweza kuipata. Tena huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutoka. Basi tukisubiri vipele ndipo tumtenge, tumechelewa.

Mtoto akiugua tufanye nini?

Kwanza huja homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu. Halafu vipele hutoka usoni na kushuka mwilini. Tumpeleke zahanati upesi. Atapewa vitamini A, ambayo hulinda macho. Tumpe maji, uji na maziwa ya mama mara kwa mara, maana surua huleta kuharisha. Huleta pia homa ya mapafu. Tusimtie dawa ya majani machoni. Wapo waliopofuka kwa sababu hiyo.

Kwa nini sindano mbili?

Ya kwanza ni miezi 9. Ya pili ni miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau. Mtoto keshaanza kukimbia, mama ana kazi shambani, tunasema ati moja inatosha. Haitoshi! Katika watoto 100 waliochomwa moja tu wakiwa na miezi 9, karibu 15 hubaki bila kinga.

Zamani kadi ya kliniki tulimwachia mganga atusomee. Sasa tunajua kusoma wenyewe. Leo jioni, baba na mama, toeni kadi. Tafuteni mahali palipoandikwa surua. Je, kuna tarehe mbili? Kama ni moja tu na miezi 18 imepita, msione aibu. Nendeni kliniki. Mtoto atachomwa, na hamtalipa kitu.